Salamanda Akaaye Mitini

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Haya ni maneno ya Afisa Elimu kama yalivyosomwa katika redio. Yamepigwa chapa ili wanafunzi wayasome wenyewe, polepole, baada ya kuyasikia.

Mwalimu wa darasa, tafadhali hakikisha kila mtu ameketi mahali anapoweza kusikia vizuri, na mwenye kalamu aishike. Kama yupo mtu aliyekuja na kikombe cha kahawa mkononi, asikifiche. Somo letu litaanzia katika kikombe hicho.

Wengi wenu hunywa kahawa chungu wakati wa jioni, na wengine hupenda itiwe iliki kidogo. Ndugu zetu walioko Oman na nchi nyingine za Ghuba ndio hasa waipendao. Huko mgeni akikaribishwa ndani, harufu ya iliki humpokea kabla hajaketi. Sasa nawauliza: iliki hiyo yote hutoka wapi? Mtu wa Muheza atajibu upesi, "Kwetu, milima ya Usambara." Hasemi uongo, lakini iliki ya Usambara ni kidogo. Iliki nyingi inayonunuliwa na watu wa Ghuba hutoka katika nchi iliyo mbali sana nasi, iitwayo Guatemala.

Mwalimu, kama una ramani ya dunia, waonyeshe. Guatemala iko Amerika ya Kati, kusini ya Mexico, pale nchi kavu inapoanza kuwa nyembamba baina ya bahari mbili. Iliki si mmea wa asili wa kule. Kwao hasa ni India, nayo ilipelekwa Guatemala mwanzoni mwa karne ya 20. Kahawa nayo ni mgeni kule, maana asili yake ni Ethiopia, jirani yetu. Wageni hawa wawili wamestawi sana, na watu wengi wanapata fedha ya chumvi na ya karo kwa kazi ya mimea hiyo.

Sasa fikirini kidogo, ninyi mliolima. Kahawa na iliki hupenda mahali pa namna gani? Hupenda mlimani, penye baridi kiasi, mvua ya kutosha, na udongo mweusi uliorutubishwa na majani ya msitu. Basi mahali pa namna hiyo hapakuwa patupu wakati kahawa ilipofika. Palikuwa na wenyewe tangu zamani sana, na mmoja wao ndiye ninayetaka kuwaeleza habari zake leo. Jina lake ni salamanda. Andikeni neno hilo: sa-la-ma-nda.

Salamanda ni mnyama gani? Ukimwona mara ya kwanza utasema ni mjusi. Ana mwili mwembamba, mkia mrefu na miguu minne mifupi. Lakini tazama ngozi yake. Ngozi ya mjusi ni kavu na ina magamba, na mjusi hupenda kuota jua ukutani. Ngozi ya salamanda haina magamba. Ni laini, ina unyevu, na inateleza kama ngozi ya chura. Kwa kweli ndugu yake ni chura, si mjusi. Hapa kwetu Afrika Mashariki hayuko. Kusini yote ya jangwa la Sahara hakuna hata mmoja, na nadhani ndiyo sababu lugha yetu haikuwa na jina lake, ikabidi tuazime. Katika Afrika yuko kaskazini tu, katika nchi kama Moroko, Aljeria na Tunisia. Lakini Amerika wako wa namna nyingi sana, na katika milima ya Guatemala karibu kila mlima una wake ambao hawapatikani mlima mwingine.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Salamanda hawa wa Guatemala hawana mapafu. Mimi nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza nilidhani mpiga chapa amekosea. Hakukosea. Mtu, ng'ombe, kuku, hata chura, wote wana mapafu ya kuvutia pumzi. Salamanda huyu hana. Hewa huingia mwilini mwake kwa kupenya katika ngozi, na katika utando wa ndani ya kinywa chake.

Lakini hewa haipenyi katika ngozi kavu. Ni lazima kwanza iyeyuke katika unyevu ulio juu ya ngozi, kama sukari inavyoyeyuka katika chai, ndipo ipite mpaka kwenye damu. Kwa hiyo, mnyama huyu ngozi yake ikikauka hakosi maji tu, bali anakosa pumzi. Kumweka juani kwa muda ni sawasawa na kumziba mtu pua na kinywa. Tafadhali lishikeni jambo hili, maana yote nitakayoyasema baadaye yanategemea hili.

Mnyama wa namna hii atakaa wapi? Hawezi kukaa uwandani. Wengine hukaa chini ya magogo na majani yaliyooza. Na wengine, ambao ndio ninaowataka leo, hupanda miti.

Huenda mtashangaa: huko juu ya mti si ndiko kwenye upepo na jua? Katika msitu wa kawaida ni kweli. Lakini ile milima ya Guatemala ina misitu ya mawingu. Upepo hutoka baharini umejaa mvuke, hupanda mlima, hupoa, na mvuke hugeuka kuwa ukungu. Ukungu huo huingia katikati ya miti na kukaa humo. Waliofika Amani au Lushoto alfajiri wanaujua ukungu wa namna hiyo, unaokulowesha nywele bila mvua kunyesha. Kila jani hunasa matone madogo, matone hukutana, hudondoka chini. Miti yenyewe imevaa kuvu la kijani na ndevu za mimea mingine, hata huoni gome lake.

Juu ya matawi huota mimea ambayo haina shina ardhini. Hainyonyi mti, imeketi tu juu yake kama mtoto mgongoni mwa mama. Mingi yao ni jamaa ya nanasi. Mnalijua nanasi linavyoota, majani yake yamepangana kuzunguka katikati, na mvua ikinyesha maji hukaa katika shina la kila jani. Sasa fikirini nanasi la namna hiyo lililoota juu ya tawi, mita kumi kutoka ardhini. Ni mtungi mdogo usiokauka, na kila mti una mitungi mingi. Salamanda hujificha humo mchana kutwa. Usiku hutoka kuwinda.

Miguu yake vidole vimeunganishwa kwa ngozi, karibu kama mguu wa bata, na kwa miguu hiyo hushika jani lililolowa bila kuteleza. Hana mbio. Chakula chake ni wadudu wadogo, naye hawafukuzi; huwangojea wakaribie, kisha hufyatua ulimi wake mrefu, na mdudu amekwisha kuingia kinywani kabla jicho lako halijaona kilichotokea.

Hata kuzaa kwake hakufanani na kwa chura tumjuaye. Hatagi mayai bwawani, wala hana kiluwiluwi. Mayai huwekwa mahali penye unyevu, na mara nyingi mama hukaa nayo, na kinachotoka katika yai ni salamanda kamili, mdogo kama kipande cha kijiti cha kiberiti. Kwa hiyo maisha yake yote, tangu yai mpaka kufa, yanaweza kupita bila kuingia mtoni hata mara moja. Maji yake ni yale yaliyomo katika hewa ya msitu. Ukikata msitu, hukumfukuza nyumbani tu. Umemwondolea hata pumzi.

Sasa niwasimulie habari za salamanda mmoja hasa.

Kaskazini magharibi ya Guatemala iko milima iitwayo Cuchumatanes. Vilele vyake hupita mita 3,800 juu ya usawa wa bahari. Wenyeji wake wengi ni Wamaya, watu wa asili wa nchi ile, wenye lugha zao mbalimbali, nao ni wakulima wa mahindi tangu zama za kale. Mwaka 1975 vijana wawili wa Kimarekani, Paul Elias na Jeremy Jackson, walikwenda huko kutafuta salamanda. Wakaona wengi, na baadhi yao walikuwa hawajaandikwa katika kitabu chochote. Mmoja alikuwa mzuri kuliko wote: manjano inayong'aa kama dhahabu, pamoja na weusi. Alikuwa mpanda miti. Mwaka 1984 Elias aliandika habari zake na kumpa jina la mwenzake. Wataalamu humwita Bolitoglossa jacksoni, yaani salamanda wa Jackson.

Baada ya mwaka ule wa 1975 hakuonekana tena.

Sababu moja mtaielewa bila maelezo marefu. Guatemala ilikuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu mwaka 1960 hadi 1996. Watu zaidi ya 200,000 waliuawa au walipotea, na wengi wao walikuwa Wamaya wa milimani; mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijiji vizima vilichomwa. Wakati kama huo nani ataulizia mnyama mwenye urefu wa kidole? Naona si haki kuwasimulia habari za salamanda nikaruka habari za watu hao.

Vita vilipokwisha msitu ulikuwa umepungua. Watu walihitaji mashamba ya mahindi, walihitaji kuni, na kahawa na iliki zilikuwa na bei. Mtaalamu mmoja wa Guatemala, Carlos Vásquez wa Chuo Kikuu cha San Carlos, alianza kupanda milima ile mara kwa mara kuwatafuta salamanda waliotajwa katika vitabu. Mwaka 2009 na 2010 alipata aina mbili ambazo hazikuwa zimeonekana kwa zaidi ya miaka 30. Huyu wa manjano hakumpata.

Wakati huo sehemu moja ya msitu ule, iitwayo San Isidro, ilikuwa karibu kugeuzwa shamba la kahawa. Mashirika kadhaa ya kulinda viumbe, ya Guatemala na ya nchi za nje, yakachanga fedha, yakainunua ardhi ile, na mwaka 2015 ikafanywa hifadhi. Wakaajiriwa walinzi. Mwaka 2017 shirika moja la Marekani, lililoitwa wakati ule Global Wildlife Conservation, lilitangaza orodha ya viumbe 25 waliopotea, likaomba watu wa dunia nzima wawatafute. Salamanda wa Jackson alikuwa katika orodha hiyo. Wataalamu wakaanza kupanga safari ya kwenda kumtafuta.

Kabla hawajaondoka, mlinzi akawatangulia. Jina lake ni Ramos León. Mwezi wa Oktoba 2017, akiwa katika doria yake ya kawaida, aliona kiumbe mdogo wa manjano. Alikuwa ni salamanda mchanga. León hakupita tu. Alimpiga picha, na picha ikapelekwa kwa Bwana Vásquez mjini. Vásquez alipoitazama alimtambua mara moja. Miaka 42 ilikuwa imepita. Katika orodha ile ya viumbe 25, huyu ndiye aliyeonekana wa kwanza.

Mnyama anaitwa kwa jina la Jackson, na ndivyo ilivyo desturi ya wataalamu. Lakini ningependa katika madarasa yetu jina la León pia lijulikane. Wenye shahada walitafuta miaka mingi, na ilikuwa haki yao wasifiwe. Bila wao msitu ule ungekuwa kahawa kabla ya mwaka 2017. Lakini aliyemwona ni mtu aliyekuwa akipita pale kila siku, anayejua kila kitu cha kawaida cha msitu ule, na kwa sababu hiyo akatambua kisicho cha kawaida.

Sasa tuulize: je, kwa kuwa amepatikana, amepona? Hapana. Yumo hatarini bado, na hatari zake si moja.

Hatari ya kwanza nimekwisha kuigusa, ni shoka na panga. Na hapa tusikosee. Si lazima miti yote ikatwe ndipo salamanda afe. Shamba la iliki mara nyingi huacha miti mikubwa kwa ajili ya kivuli, hata ukitazama kwa mbali utasema msitu upo. Ingia ndani. Vichaka vya chini vimefyekwa, magogo yaliyooza yameondolewa, jua linafika chini saa sita mchana. Paa lipo, lakini kuta zimebomolewa na upepo mkavu unapita. Sisi tunalijua jambo hili vizuri. Katika Usambara ya Mashariki iliki ilipandwa chini ya miti ya msitu kwa namna hiyo hiyo. Miaka ikapita, udongo ukachoka, na miti michanga ya kurithi mahali pa mizee haikuwapo kwa sababu ilipaliliwa pamoja na magugu. Hifadhi ya Amani ilipoanzishwa mwaka 1997, moja ya mambo mazito ilikuwa ni mashamba hayo ya iliki, maana yalikuwa ya watu, na watu wana watoto.

Hatari ya pili ni joto. Dunia inazidi kupata joto, na mawingu hufanyika juu zaidi ya mlima kuliko yalivyofanyika zamani. Mnyama mwenye kutaka ukungu hana budi kuufuata juu. Lakini mlima una mwisho. Akifika kileleni ataenda wapi? Na kama kati ya hapa na kule juu pamekatwa shamba la mahindi, hata kuanza safari hawezi, maana hawezi kuvuka mahali pakavu.

Hatari ya tatu ni ugonjwa, na huu umewatia hofu wataalamu kuliko yote. Kuna kuvu, aina ya ukungu mdogo usioonekana kwa macho, unaokula ngozi ya vyura na salamanda. Mnakumbuka nilivyosema kwamba ngozi ya salamanda ndiyo pafu lake. Basi fikirini mtu mwenye ugonjwa wa mapafu asiye na dawa. Mwaka 2009 wataalamu walitoa habari za milima mingine ya magharibi ya Guatemala. Miaka ya 1970 mtu aligeuza magogo kidogo tu akapata salamanda wengi, lakini waliporudi baadaye waligeuza na kugeuza wasiwapate, hata mahali ambapo msitu ulikuwa bado umesimama. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba kupotea kwao kulikwenda sambamba na kufika kwa kuvu hilo.

Tena kuna kuvu la pili, jamaa ya lile la kwanza, ambalo lilitoka Asia. Lilifika Ulaya, na inaaminika lilichukuliwa na biashara ya wanyama wa kufugwa nyumbani kama mapambo. Huko Uholanzi salamanda wao mweusi mwenye madoa ya manjano alikaribia kwisha kabisa kuanzia mwaka 2010. Katika kila mia walibaki kama wanne. Kuvu lenyewe likatambuliwa mwaka 2013. Marekani iliogopa, na mwaka 2016 ikapiga marufuku kuingiza nchini aina 201 za salamanda. Amerika ndiko waliko salamanda wengi kuliko mahali pengine po pote, na kuvu hilo likivuka bahari hakuna ajuaye litasimama wapi.

Hapa ndipo jibu la lile nililowaahidi: kwa nini si vizuri kumgusa? Kwa sababu mkono wa mtu una chumvi ya jasho, una dawa ya mbu, una mafuta. Kwake huo si mkono juu ya ngozi tu, ni mkono ndani ya mapafu. Na buti lililokanyaga tope la bonde lenye ugonjwa laweza kuupeleka ugonjwa bonde lisilo nao. Wataalamu waangalifu huvaa glavu mpya kwa kila mnyama, na kuosha viatu kwa dawa kabla ya kupanda mlima mwingine.

Najua yuko mzee mmoja nyuma ya darasa anayejiuliza, "Bwana Afisa, haya yote ni mazuri, lakini mnyama huyu ana faida gani? Haliwi, hatoi maziwa, halindi nyumba." Swali hilo ni la haki, na sitalijibu kwa maneno matamu. Mkulima wa Cuchumatanes mwenye watoto sita akimkosa salamanda wa manjano, kesho yake mahindi yataota vilevile. Mtu akiwaambia kwamba mnyama huyo asipokuwapo watu watakufa njaa, msimsadiki.

Lakini kile kinachomweka salamanda hai, yaani ule ukungu ulionaswa na miti na kudondoka polepole ardhini, ndicho kinacholisha chemchemi wakati wa kiangazi. Waulizeni watu wa mji wa Tanga. Maji yao ya mferejini hutoka mto Zigi, na mto Zigi hutoka katika misitu ya Usambara ya Mashariki. Mtu wa Tanga huenda hajapata kuuona msitu ule, lakini huunywa kila siku. Salamanda anakufa mapema kuliko chemchemi inavyokauka, kwa kuwa yeye hana akiba. Ukimkuta, unajua kwamba unyevu bado upo.

Na sisi wenyewe tumekwisha kupata mtihani wa namna hii. Katika korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, kulikuwa na chura mdogo wa manjano aliyeishi katika rasharasha za maporomoko ya maji, na hapakuwa na mahali pengine duniani alipoonekana. Wataalamu walimwona mwaka 1996, wakati bwawa la umeme lilikuwa linajengwa. Bwawa lilipoanza kazi, maji mengi yalipelekwa kwenye mitambo, rasharasha zikapungua, na chura akapungua. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani kwa ndege wakafugwe huko. Yeye naye alipatwa na lile kuvu la ngozi. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba porini hayuko tena. Mwaka 2010 baadhi ya wazao wa wale waliochukuliwa walirudishwa nchini, na mwaka 2012 wakaanza kuachiliwa katika korongo lao, ambalo lilikuwa limewekewa mabomba ya kunyunyiza maji. Tulihitaji umeme, na bado tunauhitaji. Sisemi bwawa lisingejengwa. Nasema gharama ya kutengeneza rasharasha kwa mabomba, baada ya kuwa nazo bure, ni gharama ambayo mtu hapaswi kuisahau wakati wa kupiga hesabu.

Tukirudi San Isidro, liko jambo moja ambalo sina jibu lake, na ningependa darasa lijadiliane. Msitu ule umeokoka kwa sababu watu wenye fedha waliununua. Walinzi wamepata kazi, na mnyama amepata mahali. Lakini jirani wa msitu, mwenye ekari mbili na bei ya kahawa inayopanda na kushuka bila yeye kuulizwa, yeye amepata nini? Wako wanaosema kahawa ipandwe chini ya kivuli cha miti mingi ya asili, magogo yasiondolewe, na mnunuzi alipe zaidi kidogo kwa kahawa ya namna hiyo. Katika mashamba ya kahawa yenye kivuli kizuri baadhi ya salamanda huonekana, wale wasio wachaguzi sana. Huyu wa manjano nadhani ni mchaguzi. Basi sehemu fulani lazima iachwe kabisa. Je, ni nani aamue ni sehemu gani? Na asiyelima pale alipwe nini, na nani? Mwalimu, wape nusu saa, na wasikubaliane upesi.

Kwa kazi ya kuandika, chukueni maneno haya: salamanda, unyevu, ukungu, pafu, mlinzi. Andikeni kila neno mara tatu, kisha mtunge sentensi moja kwa kila neno.

Halafu liko jambo la pili, na hili litachukua wiki nzima. Kila mmoja amkumbuke mnyama, ndege, chura au mti mmoja aliyezoea kumwona au kuuona karibu na kwao, na ambaye siku hizi haonekani. Aandike jina lake kama linavyotajwa kwa lugha ya nyumbani, mahali alipoonekana mara ya mwisho, na mwaka. Asiyeukumbuka mwaka aandike jambo lililotokea wakati ule, kama vile mafuriko, njaa au harusi ya fulani. Asiyeweza bado kuandika, amwambie jirani yake amwandikie, naye aitie sahihi yake kwa mkono wake mwenyewe. Mwalimu akusanye karatasi hizo na azihifadhi mahali pakavu, mbali na mchwa.

Wiki ijayo, saa hii hii, tutazungumza habari za mchwa. Kwaherini.